Nevena na Andiko la Pango Kiziwi

Nevena Tashkova alikuwa mtoto wa fundi bomba wa Smolyan, na tangu utotoni hakuna kitu kilichomsumbua akili kama maji. Si maji ya bombani, hayo baba yake aliyaweza, bali maji yanayopotea. Katika milima ya kwao kuna mito inayokwenda zake vizuri, ikipiga kelele kati ya mawe, halafu ghafla inazama ardhini kama mtu aliyeingia kwake na kufunga mlango. Inatokea wapi? Kila kijiji kina jibu lake, na kila kijiji kinacheka jibu la jirani. Kwa ajili ya swali hilo Nevena alikwenda Sofia kusoma jiolojia, na alipofika ngazi ya uzamivu akachagua pango moja lililo juu ya kijiji cha Suhovir. Wenyeji huliita Pango Kiziwi, kwa kuwa ukilipigia kelele halikurudishii sauti. Mto mzima unamezwa pale. Unakotapikwa, wakati ule hakuna aliyejua.

Kazi ilihitaji fedha: kamba, mavazi ya kuhimili maji baridi, vifaa vya kupimia, rangi ya kutia majini, petroli ya kwenda na kurudi. Msimamizi wake, Profesa Gavrailov, alikuwa mtu wa mikutano; ukimkuta ofisini ujue amesahau koti. Nevena alipomwuliza andiko la kuomba ruzuku huandikwaje, alijibiwa huku koti lenyewe likivaliwa.

"Andika tu, binti. Waonyeshe umesoma. Wale wanapenda mtu aliyesoma."

Basi akaandika, na akaonyesha amesoma. Alianza na bahari ya kale iliyofunika nchi kabla ya milima kuinuka, akapita kwa kila mtaalamu aliyewahi kuchungulia shimo, akapanga maneno mazito juu ya maneno mazito kama fundi anayejenga ukuta bila kujua nyumba ni ya nani. Mwishoni fomu iliuliza: kazi hii ina hatari gani, na utazikabili vipi? Alikuwa amechoka, na siku ya mwisho ya kupokea maandiko ndiyo hiyo. Akaandika: "Hakuna hatari zinazotarajiwa." Akatuma, akaenda kula kwa moyo mweupe.

Wakati huo alikuwa amepanga chumba kwa mjane mmoja aitwaye Evdokia, ghorofa ya nne, karibu na Soko la Wanawake. Kwenye kengele ya mlango paliandikwa jina la marehemu mume wake. Evdokia alikuwa na nyonga mbovu, ulimi mkali, na pipa la kabichi ya chumvi pale kibarazani lililohitaji mtu mwenye mgongo mzima wa kulikoroga. Nevena alikuwa na mgongo huo. Alimwita shangazi, wakanywa chai pamoja, wakawasengenya majirani. Evdokia alisema zamani alikuwa mwalimu. Nevena hakuuliza alifundisha nini. Vijana ndivyo walivyo: kwao mzee ni mtu aliyezaliwa mzee.

Jibu la andiko lilikuja Januari. Wasomaji walikuwa wawili, bila majina. Wa kwanza alisema andiko ni zuri na mwandishi amesoma. Wa pili aliandika mistari michache tu:

"Andiko hili limevaa viatu vya harusi kwenda kuzoa theluji. Nimelisoma mara mbili nisijue mwandishi anatafuta nini. Sehemu ya hatari inatosha peke yake kulikataa. Lisipewe hata senti."

Nevena alilisoma jibu hilo maabarani, akahisi masikio yanawaka moto. Alimsogezea kompyuta Metodi, mwanafunzi mwenzake, kijana mrefu mzoefu wa mapango aliyekuwa aende naye Suhovir.

"Huyu alinyimwa kahawa asubuhi," Metodi alisema. "Viatu vya harusi! Mtu mzima anaandika hivi kwenye karatasi ya serikali?"

"Ameniua, Metodi. Hakunikosoa, ameniua."

"Mwache. Atakuwa kizee fulani ambaye hata ngazi hapandi."

Katika hilo Metodi alikuwa amepatia kabisa, ingawa hakujua.

Jumamosi iliyofuata theluji iliangukia mji kama iliyokuwa na kisasi. Nevena alikaa jikoni na kikombe cha chai, Evdokia akikaanga maandazi ya maziwa ya mgando huku akichungulia dirishani. Chini, jirani wa ghorofa ya pili alikuwa akijaribu kuchimbua gari lake.

"Njoo umwone mwendawazimu huyu!" Evdokia aliita akicheka. "Gari limefukiwa mpaka paa, naye kavaa viatu vya harusi kwenda kuzoa theluji!"

Kikombe kilimponyoka Nevena, kikavunjika kwenye vigae. Hakukitazama.

"Umesema nini, shangazi?"

"Nimesema huyu bwana..." Evdokia akanyamaza. Uma ulibaki hewani, mafuta yakidondoka.

"Ni wewe."

Mtu mwingine angejifanya haelewi. Evdokia alizima jiko, akaweka uma, akajipangusa mikono.

"Ndiyo. Ni mimi."

"Lakini majina yanafichwa!"

"Yanafichwa. Na katika nchi hii kuna wasichana wangapi wanaotaka kuingia Pango Kiziwi? Nilikujua tangu ukurasa wa kwanza."

"Ulijua ni mimi." Nevena alisogea mezani. "Ulijua, ukanichinja, halafu jioni ukaniita nije nile supu?"

"Supu ilikuwepo, mwanangu."

"Wewe ni nani hasa? Mwalimu gani wewe?"

"Nilifundisha chuo kikuu. Maji ya chini ya ardhi. Kwenye chumba kilekile unachokaa na yule mrefu wako, kama hawajahamisha meza."

Nevena alikuwa ameishi chini ya paa moja na mtu aliyejua kila alichohitaji kujua, na wakaongea habari za kabichi. Hasira ilikuja nyuma ya mshangao, ikaupita. Akasema maneno ambayo kwa kawaida mpangaji hamwambii mwenye nyumba, wala binti hamwambii mtu wa umri ule. Kisha akatoka bila skafu, mlango ukajibamiza nyuma yake, akaenda kwa miguu katika theluji mpaka hosteli kwa Metodi.

Metodi alimsikiliza mdomo wazi.

"Ngoja kwanza. Unaniambia muda wote huu umepanga kwa simba, na ukawa unamsaidia kubeba kabichi?"

"Usicheke!"

"Sicheki, naogopa. Sikiliza. Mshtaki. Hakimu hahukumu kesi ya mtu wa nyumbani kwake. Huo ni mwiko, mfuko wa ruzuku wenyewe umeandika. Alipokujua tu alipaswa kulirudisha. Andika leo."

Na kweli, sheria ilikuwa hivyo. Nevena aliandika malalamiko kwenye kompyuta ya Metodi, akayasoma, yakawa makali kama alivyotaka. Lakini hakuyatuma. Alitaka kwanza kwenda kuchukua nguo zake, na kumtazama yule mama usoni akimwambia.

Kesho yake mchana alimkuta Evdokia amekaa palepale jikoni. Vigae vilikuwa vimefagiwa.

"Nimekuja kuchukua vitu vyangu."

"Chukua. Lakini kaa kidogo, nyonga yangu hairuhusu nikufuate chumba kwa chumba."

Nevena alisimama tu, koti mwilini. Evdokia akaanza kusema bila kumtazama.

Alisema kwamba zamani alikuwa na mwanafunzi aliyeitwa Lyuben, kutoka Vratsa, kijana wa mzaha aliyepiga akodioni. Lyuben aliandika andiko la pango moja la huko kwao. Lilikuwa refu, limepambwa, limetaja kila mtu. Kwenye hatari aliandika hakuna. Evdokia alikuwa na kazi nyingi wiki ile, akalipitia juu juu, akatia sahihi. Fedha zikatoka. Fedha zikitoka, mwanangu, lazima zitumike kabla ya mwaka kufungwa, nani atakayekumbuka kuuliza theluji inayeyuka lini? Wakaenda Aprili. Lyuben alipiga mbizi kwenye njia ya maji iliyozama, wenzake wakashika kamba nje. Walikubaliana akivuta mara mbili wamvute. Hakuvuta. Maji yakaanza kupanda, ya kahawia, baridi kama visu. Wakavuta wenyewe.

"Kamba ilikuja nyepesi," Evdokia alisema.

Nevena aliketi bila kujua kwamba ameketi.

"Tulimpata baada ya siku kadhaa, maji yalipopungua. Na mazishini mama yake akaja kwangu. Hakulia, hakunitukana. Aliniuliza jambo moja tu: 'Mwanangu alikuwa anatafuta nini mle ndani?' Nikafungua mdomo. Mimi, mwalimu wake, niliyetia sahihi. Nikakuta sijui. Andiko lilisema kila kitu isipokuwa hilo. Nikamjibu, 'Alikuwa anachunguza.' Akanitazama... Mwezi ule niliacha chuo."

Nevena alikumbuka ratiba yake. Andiko lake lilisema yeye na Metodi wataingia Aprili.

"Walioharibikiwa na kazi ndio wanaoombwa kusoma maandiko ya wengine," Evdokia aliendelea. "Miaka yote nimesoma, nimekataa, nimekubali. Likaja la kwako. Nilipofika ule mstari wa mwisho, nilivua miwani nikaiweka mezani. Nilipaswa kuwapigia simu watu wa mfuko niseme simsomi huyu, namfahamu. Sikupiga. Mchelea mwana kulia hulia yeye, nikasema bora wewe ulie. Nilikukosea. Si kwa kukataa, kwa kukaa kimya. Jana ulipotoka nilimpigia katibu wao nyumbani kwake, nikamweleza yote. Nimejitoa. Na amesema una haki: andiko lako litapewa msomaji mwingine, jinsi lilivyo, ukitaka. Yule wa kwanza alilipenda. Huenda ukapata."

Hilo hakulitegemea. Alikuwa amekuja na malalamiko, akakuta yameshapelekwa na mshtakiwa mwenyewe, na mlango aliodhani umefungwa sasa uko wazi. Angeweza kusema ndiyo na Aprili angekuwa Suhovir.

Nevena aliuliza, "Alikuwa na umri gani?"

"Kama wako."

Jumatatu Nevena aliuandikia mfuko barua akiomba andiko lirudishwe, ataomba tena mzunguko ujao. Metodi alipopata habari alishika kichwa.

"Umelogwa! Wamekupa mlango wazi, wewe unaenda kuingilia dirishani mwakani?"

"Aprili theluji inayeyuka, Metodi."

"Aprili theluji inayeyuka kila mwaka!"

"Ndiyo maana," alisema Nevena, na hakuweza kueleza zaidi.

Nguo zake hazikuhama. Ila baina yao wawili mambo hayakurudi kama zamani. Kwa wiki nzima walisalimiana kama watu kwenye lifti. Halafu jioni moja Nevena alikuja na karatasi tupu, akaiweka mezani.

"Nifundishe."

"Sisomi tena maandiko."

"Sikuombi usome. Nifundishe kuandika."

Evdokia alimtazama juu ya miwani. "Unatafuta nini Pango Kiziwi?"

"Ninachunguza mwenendo wa mtiririko wa maji katika mfumo wa..."

"Sijakuuliza unachunguza nini. Unatafuta nini? Niambie kana kwamba mimi ni mama yako nawe umekufa."

Neno hilo lilimpiga Nevena kifuani. Alikuwa ameisomea habari hii miaka, na hakuwa na sentensi hata moja ya kumpa mtu aliyefiwa. Alijaribu, Evdokia akatikisa mkono. Akajaribu tena. Chai ikapoa. Alipokuwa amechoka kabisa, amekasirika, alipiga meza: "Nataka kujua mto ule unatokea wapi, kwa sababu chini yake watu wanakunywa maji na hawajui wanakunywa ya nani!"

"Basi anza na hiyo," alisema Evdokia. "Na ukishaanza nayo, kila sentensi isiyoisaidia, itupe."

Ndivyo walivyoendelea mpaka majira ya kuchipua. Bahari ya kale ikatupwa. Wataalamu wakatupwa, wakabaki wachache wenye kazi. Nevena alishangaa jinsi ilivyouma. Kila aya aliyofuta ilikuwa ile aliyoipenda. Evdokia alimlazimisha kumsomea kwa sauti muuza jibini wa sokoni, na walipoona mwanamume yule anapiga miayo, walirudi nyumbani kuanza upya. Lakini sehemu ya hatari ndiyo iliyowachukua muda kuliko zote. Nani atakuwa nje? Atajuaje kwamba walio ndani wamechelewa? Mvua ikinyesha upande wa pili wa mlima, mtajuaje? Nevena alijibu, Evdokia akauliza jingine. Mwishowe ikawa kanuni: hakuna kuingia wakati wa kuyeyuka kwa theluji, kijiti chekundu kitachomekwa ukingoni mwa mto juu ya pango, na maji yakikigusa hakuna anayeingia, na mtu mmoja akisema hapana, haulizwi mara ya pili.

Andiko jipya lilisomwa na watu ambao wala Nevena wala Evdokia hakuwajua. Likapita, na katika orodha lilikuwa la juu kabisa. Profesa Gavrailov alilisoma akiwa amesimama, akakaa, akasahau mkutano.

"Nani amekufundisha kuandika hivi?"

"Mwenye nyumba wangu."

Profesa akacheka sana, akadhani ni utani.

Nevena alipanda ngazi mbio kumpa Evdokia habari. Alitegemea kukumbatiwa. Yule mama alikaa chini taratibu, akashika ukingo wa meza.

"Vema," alisema. "Sasa ndiyo uanze kuogopa."

Walikwenda Suhovir mwishoni mwa Agosti ya mwaka uliofuata, mto ukiwa mwembamba kama kamba ya kiatu. Nevena, Metodi na wazoefu wa mapango wawili wa Smolyan. Siku ya kwanza waliingia, wakapima, wakatoka wakiwa na matope hadi kwenye kope na furaha kama ya watoto. Siku ya pili anga lilikuwa safi, buluu tupu. Metodi alikuwa ameshavaa, mizigo ya vifaa imepangwa mdomoni mwa pango, Nevena alipopanda kuangalia kijiti.

Maji yalikuwa yamekigusa. Kidogo tu, kama ulimi wa paka.

"Haingii mtu," alisema aliporudi.

"Nini?" Metodi alidhani amesikia vibaya. "Nevena, tazama juu. Wingu liko wapi? Nionyeshe wingu moja nilipigie saluti."

"Maji yamegusa kijiti."

"Labda ng'ombe kakojoa mtoni! Tumesafiri nusu ya nchi kuja kutazama kijiti?"

"Nimesema hapana." Sauti ilimtetemeka, na alijua wote wanaisikia. Wale wawili wa Smolyan walitazama pembeni. Aliona jinsi wanavyomwona: msichana wa makaratasi. "Kanuni inasema haulizwi mara ya pili."

"Kanuni umeiandika wewe!"

"Ndiyo. Nimeiandika mimi."

Metodi alivua kofia ngumu, akaitupa chini, akapanda nao hadi kwenye nyasi akinung'unika kuhusu watu wanaoolewa na fomu zao. Wakakata mkate na jibini. Hawajamaliza kula, waliusikia mto. Mwanzoni ilikuwa kama lori linalopanda mlima. Kisha ardhi chini ya makalio yao ikaanza kutetemeka. Mto uliteremka bondeni ukiwa wa kahawia, umebeba miti mizima, mvua ya mahali pengine ambayo wao hawakuona hata tone lake. Ulifika Pango Kiziwi, pango likajaribu kuumeza, likapaliwa. Maji yakapanda mdomoni mwa pango, yakajaa pale walipokuwa wamesimama wakibishana, yakabeba mabegi yote, yakazunguka mara moja na kuyazamisha.

Mmoja wa wale wa Smolyan alikuwa bado ameshika kipande cha mkate karibu na mdomo. Metodi alisimama, akatembea hatua chache, akapiga magoti, akatapika. Aliporudi alikaa karibu na Nevena, akamshika mkono, akaushikilia mpaka jua lilipohama. Maisha yake yote baada ya hapo, kuhusu siku ile hakufanya mzaha.

Vifaa vilipotea, lakini rangi ilikuwa kwenye gari, na rangi ndiyo iliyobeba swali: itakapoonekana, ndipo mto unapotokea. Maji yalipotulia, wiki ya pili ya Septemba, Nevena aliimimina mtoni juu ya pango, unga mwekundu unaogeuka kijani ukigusa maji. Vitabu vyote vilisema maji ya pale yanakwenda kusini, mbali, kwenye chemchemi kubwa za bondeni. Alikuwa amepima rangi ya kutosha safari hiyo ndefu na kuweka watazamaji huko kusini, akashuka kusubiri nao.

Siku ya Msalaba, sikukuu ya kanisa ya tarehe kumi na nne, simu yake ililia. Alikuwa mwenyekiti wa kijiji cha Suhovir, na alikuwa anapiga kelele.

"Mmetutilia nini? Mmetutilia nini nyie watu? Chemchemi inatoa kijani!"

"Chemchemi ipi?"

"Ya kwetu! Ya kanisani!"

Nevena alidhani anataniwa. Chemchemi ya Suhovir, yenye ukuta wa mawe na mirija miwili ya chuma, ilitoka upande wa pili kabisa, msituni. Kila mtu alijua hivyo, watu walikuja na madumu kutoka mjini kuchota maji yale matakatifu. Alipofika, kijiji kizima kilikuwa uwanjani. Ilikuwa siku ya sadaka, masufuria makubwa ya kondoo yako motoni, na mirija miwili inamwaga maji ya kijani kibichi kinachong'aa, rangi ambayo Mungu hakuipa kitu chochote kinachonyweka. Supu nayo ilikuwa kijani. Nevena alisimama, macho yamemtoka. Jibu la swali lake la tangu utoto lilikuwa linamwagika mbele yake, na watu walitaka kumpiga.

"Sumu!" alilia Bibi Yordana, mpishi wa sadaka, ameshika mwiko kama rungu. "Umetuua siku ya Msalaba!"

"Si sumu, bibi! Ni rangi tu, haina madhara!"

"Haina madhara? Basi kunywa wewe kwanza!"

"Nakunywa!"

Alichukua kikombe cha bati, akakinga, akanywa chote mbele yao, tone likimtiririka kidevuni. Watu wakanyamaza. Akafuta mdomo, akainua kikombe kitupu.

"Mmeona? Maana yake ni moja tu: maji yenu hayatoki msituni. Yanatoka Pango Kiziwi."

Alitegemea makofi, au matusi. Alichopata ni ukimya wa aina nyingine. Wanaume walitazamana. Mwenyekiti akavua kofia. Bibi Yordana alishusha mwiko polepole.

"Pango Kiziwi?" alinong'ona. "Binti... sisi huwa tunatupa mizoga pale. Ng'ombe wa Stamen tulimtupa majuzi."

Nevena alitazama kikombe kitupu mkononi. Nyuma yake mtu alianza kutapika, kisha wa pili. Watu walikuwa wamekunywa maji yale tangu kuzaliwa.

Nevena alilazwa hospitali ya Smolyan kwa maumivu ya tumbo, na hapo ndipo Evdokia alipomkuta, amekuja kwa basi na nyonga yake mbovu. Nevena alimsimulia kuanzia simu hadi kikombe. Yule mama alisikiliza, kisha akauliza rangi ilitoka mirija yote miwili au mmoja. Yote miwili.

"Miaka yote nimefundisha kwamba maji yale yanakwenda kusini," alisema Evdokia. "Nimewakata watu alama kwa kusema vinginevyo." Akaanza kucheka, akicheka akafuta machozi, mpaka muuguzi akaja kuona mgonjwa ni yupi.

Kijiji kilizungushia pango waya, mizoga ikatolewa, na kwa miaka miwili baraza lilibishana juu ya bomba jipya kabla halijachimbwa. Nevena alipata shahada yake, akaajiriwa na ofisi ya maji ya mkoa, na Metodi akawa mwenzake wa kazi. Kila Siku ya Msalaba wanaalikwa Suhovir. Wenyeji hawamwiti daktari. Wanamwita Yule Aliyekunywa, na Bibi Yordana humpa bakuli la kwanza la supu, kisha husimama kando na mikono kiunoni kuhakikisha limeisha.